Arosto ya stori: mbona ukimaliza unabaki umeduwaa?

Nina gemu moja nimelisevu mlangoni kwa bosi wa mwisho, yule adui mkubwa ambaye ukimpiga gemu limeisha, na limekaa hapo huu mwaka wa pili sasa. Sio kwamba bosi ni mgumu, hapana, nimeshapanda levo hadi basi, silaha zote ninazo, dawa zimejaa begi hadi nyingine natupa, yaani nikiingia ni dakika kumi na tano kazi imeisha. Ila siingii. Kila nikiliwasha naishia kuzungukazunguka tu, naenda kuvua samaki, nasalimia watu wa kijijini, nazima. Mdogo wangu aliniuliza siku moja, "Kaka, hivi huyo bosi anakudai?" nikacheka lakini jibu la maana sikuwa nalo, ningemwambia nini, kwamba naogopa kushinda?

Baadaye nikaja kugundua tuko wengi. Ukianza kuuliza watu wanajitokeza wenyewe, kuna aliyeacha kurasa ishirini za mwisho za riwaya anayoipenda kuliko zote, kuna mwenye tamthilia ya sizoni saba amebakiza epizodi moja na hataki hata kusimuliwa. Na wale waliojikaza wakamaliza ndo hali yao mbaya zaidi, mtu anamaliza usiku wa manane, anakaa anaangalia majina yanavyopanda kwenye skrini, hadi ya madereva na wapishi anayasoma, halafu asubuhi anaenda kazini kama mtu aliyetoka kumsindikiza mgeni aliyekaa naye mwezi mzima. Wenyewe tunaiita arosto. Neno tumeliazima kwa watu wa madawa, ile hali ya mwili kudai kitu ulichouzoesha, na sasa kila kitu kina arosto yake. Ila kwa hili la stori nadhani linatudanganya.

Maana arosto ya kweli inatulia ukipata dozi nyingine ya kitu kilekile. Hii haitulii. Kitabu si kipo? Hakijaenda popote, ukifungua ukurasa wa kwanza sasa hivi wahusika wote wako hai tena, hata yule aliyekufa ukamlilia. Gemu lipo, bonyeza tu anza upya. Kwa hesabu za kawaida hujapoteza chochote, tena umepata kile ulichokuwa unakikimbilia wiki zote hizo, na bado kuna kashimo kifuani. Dozi iko mkononi na haifanyi kazi. Kwa hiyo kilichopotea ni kitu kingine, na mimi kadiri ninavyofikiria naona ni vitu kadhaa vimejisokota pamoja kama waya wa hedifoni uliokaa mfukoni, ndo maana mtu ukimuuliza una nini anakwambia "hata sijui."

Kabla ya kuusokotoa huo waya, kuna hili la kwanza, hali yenyewe ni furaha au huzuni? Maana umelia, lakini ukiulizwa kama ulipenda utasema nimependa kinoma. Wapo wanasaikolojia waliokuwa wanaona furaha na huzuni ni ncha mbili za kamba moja, ukiisogelea hii unaiacha ile, huwezi kuzishika zote. Mwaka 2001 Jeff Larsen na wenzake wawili, Peter McGraw na John Cacioppo, walichapisha utafiti wenye swali rahisi kabisa, je, mtu anaweza kufurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja? Wakawauliza watu waliotoka kuangalia filamu moja ya kuchekesha na kuliza, wakawauliza wanafunzi siku ya kuhama bweni na siku ya mahafali. Siku za kawaida wachache tu walisema wanazo zote mbili, ila kwenye hali hizo idadi ikapanda sana. Mimi kilichonivutia ni walikoenda kuitafuta. Ukitaka kuikamata furaha yenye huzuni ndani unaenda pale watu wanapoagana, mahafali, siku ya kufunga mabegi. Kumaliza stori ndefu ni mahafali ya mtu mmoja, hakuna joho wala picha, na waliokuzunguka hawajui hata kama ulikuwa shule.

Haya, waya wa kwanza, ambao kila mtu anautaja, ni watu. Unawamisi. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu watu wa redio na televisheni na jinsi mtazamaji anavyojenga nao urafiki wa upande mmoja, yeye anamjua yule, yule hamjui, na bado ubongo unauendesha kama urafiki mwingine wowote. Ukifikiria sio ajabu. Mhusika wa riwaya unajua anachowaza usiku akiwa peke yake, anachomwonea wivu rafiki yake, uongo aliomwambia mama yake, vitu ambavyo kaka yako wa tumbo moja hujawahi kuvijua na pengine hutavijua. Wasomaji zaidi ya 1,500 waliwahi kuulizwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham kuhusu sauti za wahusika, na karibu mmoja kati ya watano akasema sauti ya mhusika huendelea kuwa naye hata kitabu kikiwa kimefungwa, mtu anatembea zake barabarani anaona dunia kwa jicho la yule wa kwenye kitabu. Kwa hiyo kikiisha kitabu ni kama mpangaji amehama kichwani, chumba kinabaki na mwangwi.

Ila tusizidishe. Keren Eyal na Jonathan Cohen waliwahi kuwauliza wanafunzi baada ya komedi moja maarufu ya Marekani kufikia mwisho mwaka 2004, ikiwa imekaa hewani miaka 10. Wakakuta uchungu upo kweli, na unafuata mkondo uleule wa watu walioachana, aliyempenda mhusika zaidi anaumia zaidi, mwenye upweke naye anaumia zaidi, lakini kwa ukali ni mdogo kuliko kuachana na mtu wa kweli. Naona hapo ndo kipimo chenyewe, sio wazimu kama wanavyotucheka wengine, na sio msiba pia. Na wala sio ugonjwa wa kizazi cha skrini, maana mwandishi Arthur Conan Doyle alipomuua mpelelezi wake wa kubuni, Sherlock Holmes, gazetini Desemba 1893 wasomaji walimjia juu, barua za matusi, wengine wakasitisha kabisa kulinunua gazeti, na mwishowe yeye mwenyewe akasalimu amri, mwaka 1903 akamrudisha akiwa mzima wa afya kwa maelezo ambayo, samahani, yanataka moyo kuyaamini.

Sasa kama ingekuwa ni watu tu, kurudia kungetosha. Ukirudia kitabu watu wote wapo. Lakini wewe mwenyewe unajua ukirudia sio ileile, na hapo ndo tunafika kwenye waya ambao mimi naona ndo wenyewe, swali.

Stori ndefu inakuwekea swali kichwani na kulifungia humo. Nani kamuua, watafika, yule dada atajua lini kwamba ndugu yake yu hai? Kwenye miaka ya 1920 pale Berlin kulikuwa na wanafunzi wa mwanasaikolojia Kurt Lewin waliokuwa wanachunguza kazi zilizokatizwa. Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927 kwamba watu wanakumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza, hilo ndo limekuwa maarufu japo waliolirudia hawakupata majibu yaleyale kila mara. Mwenzake Maria Ovsiankina hatajwi sana na kwa maoni yangu ndo alishika pabaya zaidi, yeye mwaka 1928 alionyesha kwamba mtu aliyekatizwa kazi ukimwacha peke yake anairudia kuimalizia, hakuna aliyemwambia, hakuna anayemlipa, hata kama kazi yenyewe ni ya kipuuzi tu. Yaani kitu kisichoisha kina mvuto wake, kinakuvuta shati. Shahrazadi wa Alfu Lela U Lela alilijua hilo bila maabara, alikuwa anakata stori alfajiri pale penyewe, na mfalme mwenye upanga anajikuta anasubiri usiku kama mtoto.

Na huo mvuto una mafuta yake. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alifanya majaribio na nyani kwenye miaka ya 1980 na 1990, nyani anapewa juisi, seli zake za dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na hamu ya kupata kitu, zinawaka. Baadaye inatangulia ishara, taa au mlio, halafu juisi inafuata, na nyani akishazoea seli zinawaka kwenye ishara, juisi yenyewe ikija zimetulia tu. Utamu umehama kutoka kwenye kupata umeenda kwenye kukaribia kupata. Sasa pima na stori yako, wiki sita unakaribia. Unaosha vyombo unakaribia, uko kwenye foleni unakaribia, bosi wa kazini anaongea kwenye kikao na wewe unajiuliza kama yule mzee mnafiki atajulikana leo. Mtu wa hivyo hata siku mbaya ana kitu cha kuwahi nyumbani. Halafu unapata. Jibu limekuja, tena zuri, limekaa mahali pake, kila kitu kimeeleweka, na dakika ileile injini iliyokuwa inaendesha jioni zako inazimika kwa sababu ilikuwa inaendeshwa na kutojua. Ulichofurahia kilikuwa ni kuwa katikati, na katikati ndo mahali pekee ambapo ukifika mwisho huwezi kurudi, maana kutojua hakurudishwi. Unaweza kurudia maneno yote, ukalia palepale ulipolia, lakini ule mlango ambao ulikuwa hujui nyuma yake kuna nini sasa unajua, basi.

Ndo maana pia mwisho mbaya hauumi kwa namna hii. Ukiisha vibaya unakasirika, na hasira ni aina ya swali lisiloisha, kwa nini wamefanya hivi, ilitakiwa iwe vile, mnaweza kubishana miezi. Mwaka 2012 Mass Effect 3 lilipotoka, wachezaji waliona miisho yake yote inafanana, imebadilishwa rangi tu, wakawatumia watengenezaji vikeki 402 vyenye krimu za rangi tatu tofauti na ladha moja, nadhani ndo lalamiko lililopangwa vizuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Miezi michache mbele ikaja apdeti ya bure iliyorefusha mwisho. Watu hao walikuwa na hasira lakini hawakuwa na kashimo, stori ilikuwa bado inawafanyia kazi kichwani. Mwisho mzuri haukuachii cha kubishania. Unafunga kitabu, umekubali, hakuna wa kumlaumu.

Hata hivyo kumbukumbu ina upendeleo wake kwenye mwisho. Kuna lile jaribio la mwaka 1993 la Daniel Kahneman, Barbara Fredrickson na wenzao, unaweka mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, halafu mara ya pili sekunde 60 zilezile ila unaongezewa 30 ambazo maji yanapashwa kidogo kufika nyuzi 15. Walipoambiwa wachague ipi warudie, wengi walichagua ile ndefu, yaani walichagua kuteseka muda mrefu zaidi kwa sababu iliisha kwa unafuu. Mwisho unapaka rangi safari nzima. Kwa hiyo mtu anayesita kufungua epizodi ya mwisho sio mjinga, anajua kuna sizoni saba zimewekwa rehani pale.

Waya wa tatu ni mdogo na watu hawauoni, ratiba. Kila usiku saa tatu ulikuwa na pa kwenda. Wakati tamthilia inakuja mara moja kwa wiki ulikuwa unaishi nayo miaka, waigizaji wanazeeka na wewe unazeeka, sizoni ya kwanza ulikuwa unasoma na ya mwisho una mtoto, kwa hiyo ikiisha inaondoka na kipande cha umri wako. Mwaka 2013 Netflix iliachia epizodi 13 za tamthilia moja siku moja, na baada ya hapo kumaliza kitu kizima wikiendi moja ikawa kawaida. Sijui kama tulifaidika, mimi vitu nilivyovimaliza kwa siku mbili uchungu wake ni mkali lakini unapita kama kikohozi, vile nilivyovila kidogokidogo bado vinanirudia.

Na gemu? Gemu lina waya wake wa ziada, na huu ndo unaonishika mimi pale mlangoni. Msikilize mtu anayesimulia riwaya, anasema "akamuua." Msikilize anayesimulia gemu, "nikamuua." Nafsi ya kwanza kabisa, hasiti. Saa themanini umekuwa mtu mwingine, na sio kwa kuwaza tu, mikono imejifunza, unajua njia ya mkato nyuma ya mnara, unajua yule adui mwenye shoka ukimsubiri nusu sekunde anafungua ubavu. Umekuwa fundi. Siku gemu linaisha ufundi wote huo hauna kazi popote duniani, ni kama umejifunza lugha ya nchi iliyofungwa. Watengenezaji wanalijua hili, Chrono Trigger la mwaka 1995 ndilo lililotupa jina la ule mtindo wa kuanza upya ukiwa umebeba nguvu zako zote, na ni raha, ila baada ya masaa mawili unakuta unawapiga vibwengo wa mwanzo kwa kofi moja na unajisikia kama mtu mzima aliyerudi darasa la kwanza kushika namba moja.

Kuna lingine, Undertale la mwaka 2015, na hapa ni spoila kwa hiyo kama bado ruka aya hii, japo mlikuwa na muda wa kutosha. Ukilimaliza kwa ile njia nzuri ambayo hakuna aliyeuawa, wote wamepata walichokitaka, halafu kesho yake ukaliwasha tena, anatokea mhusika mmoja anakuomba uache. Anakwambia wote wana furaha, kilichobaki cha kuwatishia ni mmoja tu, wewe, mwenye uwezo wa kufuta kila kitu uanze upya kwa sababu umewamisi. Anakusihi uwaache waishi. Nilikaa na padi mkononi dakika nzima. Sikuwahi kufikiria kwamba kumisi kwangu kunaweza kuwa uchoyo.

Magemu ya onlaini ndo kesi ya pekee ambayo dunia yenyewe inazimwa kweli, hapo huwezi kuambiwa "si lipo, rudia." City of Heroes lilizimwa tarehe 30 Novemba 2012 baada ya miaka minane, na wachezaji waliposikia tangazo walijaza uwanja mmoja humo ndani wameshika mienge. Wengine waliona kichekesho, watu wazima kukesha na mienge ya kompyuta, lakini mahali walipokutania na marafiki wa kweli palikuwa panabomolewa. Hao hawakukubali yaishe, seva za mashabiki ziliibuka, na mwanzoni mwa 2024 kampuni ikawapa leseni rasmi wanaoendesha mojawapo. Nadra sana hiyo.

Wanaotengeneza nao hawaponi. Edward Gibbon alimaliza historia yake ya kuanguka kwa dola la Roma usiku wa tarehe 27 Juni 1787, kati ya saa tano na saa sita, kwenye kibanda cha bustani yake huko Lausanne, Uswisi. Juzuu sita, kazi ya miaka karibu ishirini. Akaweka kalamu, akatoka kutembea chini ya miti, mwezi umewaka ziwani. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba kwanza ilikuja furaha ya kuwa huru, na punde tu ikaja huzuni, kwamba ameagana moja kwa moja na mwenza wake wa siku nyingi. Alikuwa anazungumzia historia, vita na kodi za Warumi. Kama kodi za Warumi zinaweza kumfanya mtu hivyo, wewe mwenye mhusika aliyekufa mikononi mwa rafiki yake usijione mnyonge.

Sasa dawa. Kila mtu ana ushauri wake na karibu zote zinafanya kazi nusu, kwa sababu kila moja inagusa waya mmoja. Kurudia kunakurudishia watu, hakukupi swali. Kuanza kingine haraka kunakurudishia ratiba, ila ni kumwonea huyo mpya, nimeshaviua vitabu vizuri kwa kuvisoma siku moja baada ya kitabu nilichokipenda, unasoma huku unalinganisha, hakuna sura ya kwanza inayoweza kushindana na sura ya mwisho. Kuandika au kusoma stori za mashabiki nadhani ndo karibu zaidi na shabaha maana kunafungua swali upya, ila kunataka watu wenye kipaji na subira ya kuchambua pumba. Kinachonisaidia mimi ni kumpata mtu ambaye bado yuko katikati, nakaa naye ananisimulia alipofika, namwangalia anavyokisia na anakosea, nabana mdomo hadi unauma. Mvuto wake unanipashia na mimi. Na kama huzuni inakaa wiki na wiki, huli, hulali, hakuna kinachokuvutia tena, hilo litakuwa na mzizi kwingine, stori imelifunua tu, tafuta mtu wa kuongea naye.

Basi wiki iliyopita nikiwa naandika haya nililiwasha gemu langu. Nikazunguka kijijini kama kawaida. Yule bibi wa kisimani akaniambia ana hofu na kitakachotokea kesho. Mvuvi akaniambia tutaonana ukirudi salama. Nikamrudia bibi, ana hofu na kesho. Na ndo nikakumbuka kwamba amekuwa akiniambia sentensi hiyo hiyo huu mwaka wa pili, kwamba hakuna swali lolote lililosogea hapo kijijini tangu nilipogoma mlangoni, na hata samaki ninaowavua ni wa aina tatu tu na wote ninao. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma yangu. "Kaka, huyu bibi naye si umwonee huruma."

Padi ilikuwa imeisha chaji. Nimeichomeka.